Nembo ya skuli ya msingi na barua kwa wazee: tuzifanye nyepesi (uzi mrefu)

Mchapaji wa Chake (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina duka la uchapaji hapa Chake Chake, na nimo kwenye kamati ya skuli ya msingi anayosoma mwanangu. Kwa hiyo barua za skuli zinanifika kwa milango miwili: asubuhi zinaletwa dukani nizichape, jioni zinarudi nyumbani ndani ya mkoba wa mtoto. Nina maneno kwa wenye skuli binafsi, walimu wakuu na wanakamati wenzangu, Unguja na Pemba, maana kila mwaka wa masomo unapoanza naona pesa na nguvu zinamwagwa pasipo haja.

Skuli ya msingi inahitaji alama moja, rangi moja na sauti moja. Mzee, yaani mzazi wa mtoto, akiiona karatasi ajue imetoka wapi, akiisoma ajue anatakiwa afanye nini. Vyengine vyote vinaweza kusubiri.

Nianze na nembo kwa sababu ndiyo inayokula pesa. Mteja anakuja na mchoro wake: kitabu kilichofunguliwa, juu ya kitabu kalamu, juu ya kalamu mwenge, nyuma jua linachomoza, ubavuni mkarafuu, chini jahazi, na utepe wenye kaulimbiu ya Kiingereza. Kwenye kioo cha kompyuta mchoro unapendeza kweli. Lakini maisha ya nembo ya skuli hayako kwenye kompyuta. Yako kwenye muhuri, kwenye mfuko wa shati, kwenye fotokopi ya karatasi ya mtihani, na kwenye kile kiduara cha picha ya WhatsApp ambacho kinakata pembe zote nne.

Muhuri una wino wa rangi moja na upana wa vidole viwili. Jahazi lile linageuka doa. Mashine ya kudarizi nayo inashona kwa uzi, na uzi una unene wake. Herufi zikiwa chini ya nusu sentimita zinashikana, kaulimbiu haisomeki tena. Kwenye fotokopi rangi ya njano inapotea kabisa, na nyekundu na buluu zinatoka weusi mmoja. Fulana za siku ya michezo zinachapwa kwa fremu, na kila rangi inataka fremu yake. Skuli yenye nembo ya rangi tano inalipia matayarisho ya fremu tano ili watoto wakimbie na magunia asubuhi moja.

Kwa hiyo mteja akinisikiliza namwambia: chagua kitu kimoja. Mkarafuu peke yake unatosha, au jahazi peke yake, au herufi ya mwanzo ya jina la skuli ndani ya duara. Mpe mtoto wa darasa la tatu aitazame, kisha aichore kwa penseli bila ya kuchungulia. Akiweza, hiyo ndiyo nembo.

Na jina. Mtu akisema skuli ya Madungu, hakuna mtu Chake nzima anayeuliza nembo yake ikoje. Jina la mahali, fupi, linalotamkika na bibi na mjukuu, limefanya kazi yote. Sasa nachapishwa majina ya maneno matano ambayo wazee wenyewe hawayamalizi. Wanaishia kusema “ile skuli ya karibu na pampu”. Basi hilo ndilo jina la skuli, lile la kwenye kibao ni la mwenye skuli.

Rangi ya sare vilevile. Kabla hujaipenda, nenda maduka ya vitambaa hapa mjini, au Darajani kwa walio Unguja, uulize kama kitambaa cha rangi hiyo kipo mwaka mzima. Rangi iliyochaguliwa kwenye simu, ambayo inapatikana kwa mfanyabiashara mmoja tu, inamfunga mzee. Mwenye watoto wanne anataka anunue jora lake popote, ampelekee fundi wake wa mtaani.

Barua nitazieleza kwenye ujumbe unaofuata. Naomba michango.

---

Mwenye Skuli, Magharibi B

Waalaykum salaam kaka. Nakuheshimu lakini hapa sikubaliani nawe. Wewe unaongelea skuli kama kwamba watoto wanakuja wenyewe. Sisi wa binafsi tunashindana. Mzee anapita na gari, anatazama geti, basi la skuli na kibao. Kama skuli yangu inaonekana ya kawaida, anakwenda kwa jirani. Nembo ya kifahari na kaulimbiu ya Kiingereza ndiyo inayomwambia mzee kuwa hapa Kiingereza kinasomeshwa. Tusiwavunje moyo watu wanaojenga.

---

Mchapaji wa Chake

Ndugu yangu, simvunji moyo mtu anayejenga, na geti zuri nalitaka na mimi. Lipake rangi, lioshwe, maana tope jekundu la masika halisubiri mtu. Lakini mzee anapita kwenye geti kwa dakika moja. Baada ya hapo anakaa nanyi miaka sita, na miaka hiyo yote anakutana na skuli yako kwa njia ya barua, ujumbe wa simu, daftari la mtoto na mkutano. Hapo ndipo jina linapojengwa au linapobomoka. Mimi nawasikia wazee dukani. Hajawahi kuja mzee akasifu nembo. Wanachosema ni “skuli ile ukipiga simu inapokewa”, au “skuli ile kila siku tunapata habari ya mkutano usiku wa kuamkia mkutano”.

Kama unataka mzee ajue kuwa Kiingereza kinasomeshwa, mwite siku ya wazee, mtoto wake asimame amsomee ukurasa mmoja. Hakuna kibao kinachoshinda hilo.

Sasa barua. Barua nyingi ninazochapa zinaanza na “Husika na kichwa cha habari hapo juu”, zikafuatiwa na aya mbili za umuhimu wa elimu kwa taifa, kisha shukrani kwa ushirikiano, kisha tarehe ya mkutano ambayo imejificha chini ya ukurasa karibu na sahihi. Mama amerudi kutoka shamba, taa haziangazi vizuri, ana watoto watatu na barua tatu. Anasoma mistari miwili ya juu anaiweka barua juu ya kabati. Huyo mama si mzembe. Barua haikumheshimu.

Mfano wa ninayoipenda, hii nzima:

“SKULI YETU. Mkutano wa wazee wa Darasa la 3, mkondo wa asubuhi. Siku: Jumamosi tarehe 14. Saa 2:00 asubuhi mpaka saa 3:30. Pahala: darasani kwa mtoto. Chukua daftari la ripoti. Usipoweza kuja, mtume mtu mzima wa nyumbani. Masuala: piga simu ya ofisi.”

Imekwisha. Robo karatasi, ukurasa mmoja wa A4 unatoa barua nne, skuli inapunguza gharama ya fotokopi kwa robo tatu. Mkondo utajwe kila mara, kwa sababu skuli zetu nyingi zina asubuhi na mchana, na mzee mmoja anaweza kuwa na mtoto huku na mtoto kule.

---

Maalim Mstaafu, Wete

Mwanangu umesema kweli. Naongeza la saa. Nimeona barua za siku hizi zinaandika “8:00” bila ya neno jengine. Mzee wa Kipemba akisoma nane anajua ni saa nane mchana, na anakuja saa nane, anakuta mkutano umekwisha tangu asubuhi na mlinzi anamwambia amechelewa. Amevaa kanzu yake, ameacha shughuli zake. Hiyo ni dhulma ndogo lakini ni dhulma. Andikeni saa kama tunavyoisema, na mbele yake asubuhi, mchana au jioni.

Jengine: msipige mbiu kila siku. Wazee wetu walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Pembe ikilia asubuhi na jioni bila ya jambo, siku ya jambo hatoki mtu. Skuli inayotuma ujumbe kila siku kumtakia mzee Ijumaa njema, kumkumbusha usafi na kumpongeza kwa sikukuu, siku itakaposema kesho hakuna skuli kwa sababu ya mvua, ujumbe hautosomwa.

---

Mwalimu, Micheweni

Maalim, shikamoo. Hilo la mbiu ndilo linalotuua kwenye makundi ya WhatsApp. Kundi la wazee wa skuli yetu lina dua, matangazo ya vitenge, samaki wa jioni, mabishano ya mpira, na katikati yake tangazo la mwalimu mkuu. Halafu nusu ya wazee wana simu za kitochi, hawamo kabisa. Mchapaji, unashauri nini? Tuache WhatsApp?

---

Mchapaji wa Chake

Msiiache, ila ipeni kazi moja. Kwenye mipangilio ya kundi kuna pahala pa kuchagua kuwa viongozi tu ndio wanaotuma. Kundi la matangazo liwe hivyo. Wazee wakitaka kundi la mazungumzo wafungue la kwao, ni haki yao, lakini skuli isitangaze huko. Kundi moja la WhatsApp linabeba watu mpaka 1,024, kwa skuli ya msingi ya kawaida ni kubwa kuliko mahitaji. Kuna wanaotumia ile orodha ya kutuma kwa pamoja. Ile mwisho wake ni watu 256, na ujumbe haumfiki mtu ambaye hakuhifadhi namba ya skuli kwenye simu yake. Walimu wengi hawalijui hili, wanadhani wazee wamedharau.

Msitume tangazo kama faili la PDF wala picha ya barua. Mwenye bando dogo hafungui. Andikeni maneno matupu.

Kwa wenye kitochi, ujumbe mfupi wa kawaida. Na hapa nataka mnisikilize kwa makini kwa sababu ni pesa. Ujumbe mmoja wa kawaida unabeba herufi 160, nafasi zikiwemo. Ukiingiza emoji moja, au salamu kwa herufi za Kiarabu, au zile alama za kunukuu zilizopinda zinazotoka kwenye kompyuta, kiwango kinashuka mpaka herufi 70, na ujumbe uliokuwa mmoja unakatwa vipande vitatu vya malipo. Zidisha kwa wazee mia tatu. Salamu iandikwe kwa herufi hizi hizi za kawaida, haipungukiwi baraka.

Kila ujumbe uanze na jina la skuli. Mzee anaupeleka kwa mumewe, mumewe anaupeleka kwa nduguye, na huko mbele hakuna anayejua umetoka skuli gani.

---

Baba niliyeko Muscat

Hilo la jina la skuli mwanzoni naliunga mkono kwa mikono miwili. Ada ya watoto wangu naituma mimi kutoka huku. Napata ujumbe umepita kwa mama yao, kwa shangazi, kisha kwangu: “Mwisho wa kulipa ni Alkhamisi.” Alkhamisi ipi, skuli ipi, ya mtoto yupi? Nina watoto kwenye skuli mbili. Tarehe iandikwe pamoja na jina la siku, na darasa litajwe.

---

Mama wa Jambiani

Assalaam alaykum. Mimi nalima mwani. Nimesoma yote haya, naona hamjataja jambo ambalo kwa sisi wa pwani ni kubwa kuliko nembo.

Skuli inaita mkutano saa nne asubuhi. Wanaopanga wanakaa ofisini, hawatazami bahari. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji yanakupwa sana mnamo saa nne, saa tano ya asubuhi, na hapo ndipo sote tuko baharini tunafunga mbegu na kuvuna. Saa chache tu, kisha maji yanarudi. Nikiacha siku hiyo, kazi ya wiki mbili imekwenda. Kisha mwalimu anasimama mkutanoni anasema kina mama wa hapa hawajali elimu ya watoto wao. Nalisikia neno hilo kwa watu, linaniuma. Mwani huo ndio unaonunua daftari.

Siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, tupo nyumbani. Wekeni mkutano siku hizo, mtatuona.

---

Mchapaji wa Chake

Bi mkubwa, ahsante sana. Hili ningetamani kila mwalimu mkuu wa pwani alisome, na kwetu Pemba pia, maana mwani huku ni mwingi.

Na halihitaji utaalamu. Kalenda ya Kiislamu inaning'inia karibu kila ofisi. Karibu na mwezi mosi na mwezi kumi na tano ni bamvua. Karibu na mwezi nane na mwezi ishirini na mbili ni maji mafu. Mwalimu akitia alama siku hizo tangu mwanzo wa muhula, mikutano yote ya mwaka imeshapata nafasi yake.

Huku kwetu kuna karafuu pia. Msimu ukichanganya, watu wanahamia kambini mashambani, barua ya mkobani haimkuti mtu. Wakati huo mpitie sheha, yaani kiongozi wa mtaa, au mtangaze msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Wavuvi walio dago, kambi ya uvuvi mbali na nyumbani, nao hivyo hivyo. Mwenye skuli wa Magharibi B ataniwia radhi nikirudia: pesa ya utepe wa kaulimbiu ikitumika kununua muda wa maongezi wa ofisi kwa mwaka mzima, skuli yake itasifiwa mpaka Mkoani.

---

Mwenye Skuli, Magharibi B

Nimekusoma kaka. Bi wa Jambiani amenigusa, sikuwa nimelifikiria upande huo. Nembo yangu sitoibadilisha yote, imeshalipiwa, lakini nataka kujua: naweza kuipunguza kwa ajili ya muhuri na sare tu? Na Iddi tunaitangazaje wakati mwezi haujaonekana?

---

Kijana wa Michoro, Mjini

Niingie hapo bro. Inawezekana. Toa kitu kimoja cha katikati, kiache peke yake kwa rangi moja, hiyo iwe ndogo ya muhuri na mfuko. Ile kubwa ibaki kwenye geti. Ila mdai aliyekuchorea akupe faili la asili, lile la vekta ambalo ukilikuza halipasuki. Skuli nyingi zinatuletea picha iliyopigwa kwenye skrini ya simu, imeshapita makundi kumi, imejaa ukungu, zinataka bango la mita tatu. Faili likae kwenye kompyuta ya ofisi na jengine kwenye barua pepe ya skuli.

---

Mchapaji wa Chake

Kijana amemaliza. Iddi: tuma ujumbe mmoja mapema unaosema siku ya mwisho ya masomo kabla ya sikukuu na siku ya kurudi ikiwa mwezi utaandama siku ya 29. Mwezi usipoandama, usiku huo huo tuma wa pili wenye siku mpya ya kurudi. Msiandike yote mawili ndani ya ujumbe mmoja wenye “kama” na “iwapo”. Mtoto anabaki nyumbani siku mbili kwa sababu kila mtu kaelewa lake.

---

Mama Darasa la Pili, Chake

Nina ombi. Picha za watoto. Skuli inapiga picha watoto wetu kwenye mahafali, inaziweka kwenye bango la kutafuta wanafunzi wapya. Mwanangu wa kike nilimuona kwenye bango la barabarani bila ya kuulizwa. Baba yake alikasirika sana. Nembo nyepesi sawa, lakini na hili lisemwe.

---

Mchapaji wa Chake

Dada, umesema haki yako. Mimi dukani kwangu siku hizi sichapi bango lenye uso wa mtoto mpaka skuli iniletee karatasi ya ridhaa ya mzazi wake. Wapo waliokwenda duka jengine kwa sababu hiyo, na nimeridhika. Kwenye fomu ya kujiunga uwekwe mstari mmoja tu: nakubali au sikubali picha ya mtoto wangu itumike kwenye matangazo. Bango lenye jina, rangi, namba ya simu na darasa mnaloanzia linatosha. Ukitaka picha, piga jengo.

---

Mwalimu, Micheweni

Suala la mwisho kutoka kwangu. Matangazo yote kwetu yanatoka kwenye simu ya mwalimu mkuu mwenyewe. Akihamishwa, namba inakwenda naye, na wazee wanaendelea kumpigia yeye huko alikohamia. Mmefanyaje nyinyi?

---

Mchapaji wa Chake

Kamati yetu ilinunua simu ya kawaida na laini yake. Haitoki ofisini. Ndani ya droo kuna daftari la namba za wazee kwa kila darasa, limeandikwa kwa mkono, na kila muhula mwalimu wa darasa anawauliza watoto nani amebadilisha namba. Namba hiyo moja ndiyo iliyo kwenye kibao, kwenye kichwa cha barua, ndani ya ujumbe na mgongoni mwa daftari la ripoti. Simu inapokewa kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 8 mchana, na saa hizo zimeandikwa pembeni ya namba ili mzee asipige usiku akadhani amepuuzwa. Mwalimu mkuu wetu wa zamani alihamishwa mwaka jana. Kuna wazee hawakujua mpaka siku ya mkutano walipomuona mgeni amekaa kwenye kiti chake, kwa sababu simu ilikuwa inapokewa vilevile.

Mwalimu, ukitaka mfano wa ukurasa wa daftari letu niandikie faragha, nitakupigia picha nikiwa nimefuta namba za watu.